Kwa nini kadi iuzwe dukani, kisha ikatazwe mashindanoni?

Mwalimu mmoja wa sekondari karibu na Kakamega ameniuliza hivi:

"Kila Ijumaa baada ya masomo nasimamia kikundi cha wanafunzi wanaocheza Magic: The Gathering. Wanacheza wawili wawili, kila mtu na deki ya kadi 60 alizokusanya mwenyewe. Muhula huu mmoja wao ameletewa na shangazi yake anayeishi Marekani deki iliyofungwa tayari kiwandani. Ametoa humo kadi mbili, Skullclamp na Sol Ring, akazitia kwenye deki yake ya kila siku. Tangu hapo hashikiki. Wenzake wamesoma mtandaoni kwamba kadi hizo zimepigwa marufuku, na wanamkatalia kucheza nazo. Yeye anajibu kwamba zimetoka dukani, ndani ya boksi jipya, sasa zitakatazwaje? Nimekosa la kumwambia. Kwa nini kampuni itengeneze kadi, iiuze, kisha iikataze? Na sisi huku tufuate orodha ya nani?"

Mwalimu, nimefurahi kusikia kwamba kuna meza ya Magic huko Kakamega, na nimefurahi zaidi kwamba vijana wanabishana kuhusu jambo hili badala ya kununiana.

Nianze na lililo rahisi. Kijana anasema kweli, na wenzake pia wanasema kweli. Magic ina fomati, yaani namna mbalimbali za kucheza kwa kadi zile zile, na kila fomati ina orodha yake ya kadi zinazokubaliwa. Deki aliyoletewa, kwa jinsi ulivyoieleza, ni ya Commander: kadi 100, kila kadi nakala moja tu isipokuwa ardhi za kawaida (kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine), na kwa desturi watu wanne mezani. Huko Skullclamp na Sol Ring zinaruhusiwa, na Sol Ring huwekwa karibu katika kila deki ya Commander inayouzwa tayari. Ukiingia Modern au Legacy, ambako wawili wanakabiliana kwa deki za kadi 60, Skullclamp ni marufuku. Sol Ring imekatazwa Legacy, na katika Vintage, inayokubali karibu kila kadi tangu mchezo uanze mwaka 1993, unaruhusiwa nakala moja pekee. Kwa hiyo boksi halikumdanganya kijana. Alichofanya ni kuchukua kadi iliyowekwa kwa ajili ya mchezo mmoja akaipeleka kwenye mchezo mwingine.

Hilo ni jibu la sheria. Swali lako linataka sababu, na sababu inaonekana vizuri ukiitazama Skullclamp yenyewe ikifanya kazi.

Ni kifaa ambacho kiumbe chako huvishwa. Kukiweka uwanjani unalipa mana 1, na kukivisha unalipa mana 1 nyingine. Kiumbe aliyevaa huongezewa 1 katika nguvu zake za kushambulia, na hupunguziwa 1 katika uwezo wake wa kustahimili mapigo. Akifa, mwenye kifaa huvuta kadi 2. Ukiisoma haraka unaona ni kadi ya wastani, hata ina kasoro. Sasa mvishe kiumbe mdogo wa 1/1, yaani nguvu 1 na ustahimilivu 1, yule ambaye kila mwanafunzi wako anaye kwa wingi na hamthamini. Anakuwa 2/0. Kiumbe mwenye 0 hufa papo hapo, bila kupigwa na yeyote. Unavuta kadi 2. Kifaa kinabaki mezani, kinamngoja mwingine. Una viumbe watatu wa namna hiyo? Lipa mana 3, vuta kadi 6. Katika Magic mchezaji huvuta kadi 1 kwa zamu, na kadi kama Divination hutoza mana 3 kwa kuvuta kadi 2 mara moja tu, kisha inaishia kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizotumika. Mwanafunzi wako anapata kadi hizo 2 kwa mana 1, tena na tena, kwa kuwatoa mhanga viumbe ambao vinginevyo wangekuwa kadi za kujazia tu.

Mpinzani afanye nini? Akimuua kiumbe aliyevaa, anamzawadia mwenzake kadi 2. Asipomuua, anapigwa. Akivunja kifaa chenyewe, mara nyingi amechelewa, kwa maana kimekwisha kulipa kadi nne au sita, naye ametumia kadi yake nzima kuondoa kitu cha mana 1. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote hili la marufuku. Kadi haikatazwi kwa sababu ina nguvu. Nguvu ni halali, watu hulipia nguvu na hufurahia kuzitumia. Inakatazwa pale ambapo kila analoweza kufanya mtu wa upande wa pili halina maana tena, au pale ambapo kadi nyingine elfu zilizochapishwa hazina sababu ya kuwekwa kwenye deki.

Skullclamp ilitoka Februari 2004 katika toleo la Darksteel. Miezi michache tu baadaye, Juni mwaka huo huo, ilikuwa imeondolewa Standard, fomati ya matoleo mapya. Katika miezi hiyo ulikuwa na njia mbili: ama unacheza nayo, ama unajenga deki yako yote kwa ajili ya kuipinga. Deki za Goblin ziliibeba, na deki za vyuma zilizoitwa Affinity pia ziliibeba. Watu walioketi pande mbili za meza wakiwa na rangi tofauti na mipango tofauti walijikuta wanacheza mchezo mmoja: nani atapata Skullclamp kwanza.

Kadi iliyonionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi ni Oko, Thief of Crowns, ya toleo la Throne of Eldraine, Oktoba 2019. Oko hugharimu mana 3. Kila zamu anaweza kuchukua kiumbe chochote au kifaa chochote uwanjani, akakifuta uwezo wake wote na kukigeuza mnyama wa 3/3, aina ya kulungu. Fikiria mtu ameweka akiba zamu sita kwa ajili ya joka lake moja kubwa. Analitoa, analiweka mezani kwa fahari, na mwenye Oko, bila kulipa chochote zaidi, analigeuza kulungu. Au anageuza kipande chake mwenyewe cha chakula, ambacho Oko alikitengeneza bure zamu iliyopita, kikawa mpiganaji. Ukimshambulia Oko, ana walinzi. Ukimwacha, zamu ijayo anaongeza mwingine. Na kila anapofanya hivyo anazidi kuwa imara, hadhoofiki. Alipigwa marufuku Standard tarehe 18 Novemba 2019, na kufikia Februari 2021 alikuwa ameondolewa Pioneer, Modern na Legacy. Watu walimchukia kwa sababu aliua hamu ya kuleta kitu kizuri mezani. Uchapishe joka zuri kiasi gani, mbele ya Oko ni 3/3.

Upande wa Yu-Gi-Oh! sababu ni ile ile, ila inakuja kwa umbo jingine, kwa kuwa mchezo huo hauna mana. Pot of Greed inasema: vuta kadi 2. Basi. Hakuna gharama, hakuna sharti. Ukiitumia umepoteza kadi 1 na kupata 2, na deki yako yenye kadi 40 imepungua, yaani kadi zako bora zimekaribia. Hakuna deki duniani ambayo ingeikataa, iwe ya mazimwi, ya wachawi au ya mashine. Wako wanaoshangaa kwa nini kadi isiyoua wala kuvunja chochote inakaa marufuku miaka na miaka, ilhali kadi zinazofagia uwanja mzima zinarudishwa. Sababu ni kwamba kadi ya kufagia uwanja inahitaji wakati wake. Deki nyingine inaitaka, nyingine haiihitaji. Pot of Greed inatakiwa na wote, daima, na kadi inayotakiwa na wote inapunguza idadi ya kadi ambazo mchezaji anachagua kwa akili yake.

Kuna kundi la pili: kadi ambazo peke yake hazina kosa. Mfano mzuri ni Felidar Guardian na Saheeli Rai. Saheeli anaweza kutengeneza nakala ya kiumbe chako, na nakala hiyo inaweza kushambulia zamu hiyo hiyo. Felidar Guardian anapoingia uwanjani, unaruhusiwa kuondoa kitu chako kimoja na kukirudisha kikiwa kipya. Ziweke pamoja: Saheeli anamnakili Felidar, nakala inaingia na kumrudisha Saheeli akiwa mpya, Saheeli aliye mpya anamnakili Felidar tena. Mduara haukomi. Kufikia zamu ya nne mtu anaweza kuwa na paka milioni wanaoshambulia. Tarehe 24 Aprili 2017 kampuni ya Wizards of the Coast, inayotengeneza Magic, ilitoa taarifa yake ya marufuku bila kuwagusa hawa wawili. Siku mbili baadaye ilirudi na kumpiga marufuku Felidar Guardian, kwa sababu michezo iliyochezwa mtandaoni ilionyesha deki hiyo inazidi kukita mizizi. Nawaheshimu kwa hilo. Kubadili taarifa ya juzi mbele ya watu wote si rahisi.

Katika jozi kama hiyo, kujua ni kadi gani hasa ya kuondoa ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2019 lilitoka dude moja liitwalo Hogaak, Arisen Necropolis, kiumbe wa 8/8 ambaye huruhusiwi hata kumlipia kwa mana. Unamlipia kwa viumbe wako na kwa kadi zilizo kaburini, na anaweza kutokea kaburini humo humo. Modern ikazidiwa. Julai wakakataza Bridge from Below, kadi ya zamani iliyokuwa ikisaidiana naye. Deki ikajirekebisha, ikaendelea kushinda. Ilibidi tarehe 26 Agosti wamkataze Hogaak mwenyewe. Ukiwa msimamizi wa kikundi, kumbuka jambo hili kabla hujakataza kadi ya kwanza iliyo mbele ya macho yako: huenda mwenye kosa ni yule aliyekaa kimya pembeni yake.

Kundi la tatu halihusu nguvu hata kidogo, nalo ndilo linaloniumiza kichwa mimi kama msimamizi. Ni saa. Raundi ya mashindano ya Magic kwa kawaida ni dakika 50, anayetangulia kushinda michezo 2 ndiye mshindi, na muda ukiisha zinachezwa zamu 5 za nyongeza. Sensei's Divining Top ni kadi ya mana 1 ambayo, kwa mana 1 nyingine wakati wowote, inakuruhusu kutazama kadi 3 za juu za deki yako na kuzipanga upya. Hapa Kisumu tulikuwa tukicheza kwa kadi zozote alizonazo mtu, na nimesimama nyuma ya kijana mwenye Top. Analipa, anainua tatu, anazipanga, anafikiri, anazipanga tena, anazirudisha. Mpinzani anaweka ardhi moja tu, naye analipa na kuinua zile zile tatu ambazo ameziona dakika moja iliyopita. Hakuvunja sheria yoyote. Lakini meza nyingine zote zilikuwa zimemaliza, na huwezi kupanga nani akutane na nani katika raundi inayofuata kabla matokeo yote hayajaingia. Chumba tunakodi kwa saa. Vijana wa Maseno, Luanda na Ahero wanataka kuwahi matatu kabla ya giza. Mtu mmoja na kadi yake ya mana 1 ameshika jioni ya watu wote.

Top iliondolewa Legacy mwaka 2017, kwa sababu ya deki iliyotawala fomati hiyo na pia kwa sababu ya muda. Second Sunrise ilikwisha kuondolewa Modern mwaka 2013 kwa sababu zamu moja ya deki yake ilikuwa inachukua dakika nyingi mno, huku mpinzani amekaa hana la kufanya wala hajui kama ameshindwa au la. Shahrazad, kadi ya mwaka 1993, inawaamuru wachezaji wasimamishe mchezo na kucheza mwingine mdogo ndani yake. Wazo zuri sana sebuleni kwa mtu, balaa mashindanoni. Pokémon nao walikuwa na Lysandre's Trump Card, waliyoikataza mwaka 2015. Katika Pokémon, deki ikikuishia umeshindwa, na ndiyo maana mtu anayevuta kadi kwa pupa anachukua hatari. Kadi hiyo ilirudisha kadi zote zilizotupwa ndani ya deki, za pande zote mbili. Hatari ikafutwa. Watu wakavuta watakavyo, na mchezo ukawa haufiki mwisho.

Kwa shule yako kuna mawili zaidi ambayo ningependa uyajue. Magic ya 1993 ilikuwa na sheria ya dau: kila mchezaji anaweka kadi moja pembeni, mshindi anazichukua zote. Zilichapishwa hata kadi zilizohusu dau hilo, kama Contract from Below. Zote ni marufuku katika kila fomati rasmi, na hiyo ni kamari, hata ikipakwa rangi ya mchezo. Usiruhusu mwanafunzi yeyote aweke kadi yake rehani, hata kwa utani. La pili: Juni 2020 kampuni iliondoa kadi saba kwa sababu ya ubaguzi. Mojawapo, Invoke Prejudice ya mwaka 1994, ina mchoro wa watu waliovaa kofia za kuficha uso mfano wa Ku Klux Klan. Haikuwa ikishinda mashindano yoyote. Ilikuwa tu inakaa mezani ikimtazama mchezaji Mweusi usoni, na ilichukua miaka 26 kuiondoa. Hiyo ni marufuku niliyoiunga mkono bila kuuliza swali, na naona ilichelewa mno.

Sasa, kampuni. Kwa nini haikuona mapema?

Hesabu ndiyo inayowashinda. Ndani ya kampuni wako wajaribu wachache, wenye muda mfupi, na kila kadi mpya inakutana na maelfu ya kadi za zamani. Siku toleo linapotoka, wachezaji wa dunia nzima wanaingia mtandaoni na kucheza, kwa muda mfupi tu, michezo mingi kuliko ile ambayo wajaribu wangeweza kuicheza wakati wote wa kutengeneza toleo. Kosa lililojificha halina pa kukaa. Na mara nyingi kosa huingia dakika za mwisho. Nadu, Winged Wisdom, ndege wa toleo la Modern Horizons 3 la Juni 2024, alibadilishwa maandishi yake mwishoni kabisa, na mbunifu wake alieleza hadharani kwamba yale maandishi ya mwisho hayakujaribiwa mezani. Nadu humpa mwenyewe kadi kila kiumbe chake kinapolengwa, mara mbili kwa zamu kwa kila kiumbe. Kuna kifaa cha zamani kiitwacho Shuko ambacho kumvisha kiumbe hakugharimu kitu. Lenga, lenga, lenga. Deki ya Nadu ilitwaa ubingwa wa Pro Tour huko Amsterdam mwezi huo huo, na tarehe 26 Agosti alikatazwa Modern.

Wapo wanaoamini kwamba haya yote ni mpango: toa kadi kali, uza maboksi, kisha ikataze ili watu wanunue nyingine. Nimelifikiria sana na sikubaliani nalo lilivyo. Marufuku inaiumiza kampuni. Mtu aliyenunua nakala nne za kadi ghali akaamka zimekatazwa, safari nyingine atasita kununua. Ndiyo maana wanachelewa kukataza, mara nyingi kupita kiasi. Juni 2011, walipoondoa Jace, the Mind Sculptor na Stoneforge Mystic kutoka Standard, watu walikuwa wameshaanza kupungua mashindanoni, na kampuni ilikiri hivyo. Ninachokubali ni hiki: matoleo yanatoka kwa kasi kuliko uwezo wa kuyajaribu, na toleo lililotengenezwa makusudi liitikise Modern litaitikisa. Hogaak na Nadu wote wawili walitoka katika matoleo ya namna hiyo. Kasi hiyo ni uamuzi wa kibiashara, na gharama yake inalipwa na kijana aliyeweka akiba kununua kadi.

Huo mwaka 2011 una kisa kinachomhusu mwanafunzi wako moja kwa moja. Stoneforge Mystic ilikuwa ndani ya deki iliyouzwa dukani tayari kuchezwa, iliyoitwa War of Attrition. Kampuni ikaona aibu kumuuzia mtu deki kisha kumfukuza nayo mlangoni. Ikaruhusu: ukicheza deki hiyo kama ilivyo, bila kubadili hata kadi moja, unakubaliwa na Stoneforge yako. Ukiigusa tu, marufuku inakuhusu. Ule msimamo wa kijana wako, kwamba kilichouzwa kwenye boksi kinastahili kuchezwa, kampuni yenyewe iliwahi kuuheshimu. Ila iliuheshimu kwa boksi zima, si kwa kadi iliyochomolewa.

Kwa nini basi Skullclamp na Sol Ring zinavumiliwa Commander? Kwa sababu meza ni nyingine. Sol Ring hugharimu mana 1 na hukupa mana 2 kila zamu. Ukiianza zamu ya kwanza, zamu ya pili una mana 4 na mwenzako ana 2. Kwa watu wawili, mara nyingi mchezo umekwisha hapo. Commander una nakala moja kati ya kadi 100, kwa hiyo michezo mingi huioni kabisa. Kila mtu anaanza na uhai 40. Na ukitangulia mbio, wapinzani watatu wanakugeukia kwa pamoja. Kinyume chake pia hutokea: Lutri, the Spellchaser, kadi isiyo na ubaya kwingineko, ilikatazwa Commander mwaka 2020 hata kabla haijafika madukani. Sharti lake la kuitumia bure ni deki isiyo na kadi zinazojirudia, na Commander yote iko hivyo. Kila deki yenye rangi zake ingeibeba bila kutoa chochote.

Hata nchi na nchi hutofautiana. Maxx "C" ya Yu-Gi-Oh! imekatazwa katika mashindano ya Ulaya na Marekani tangu 2018, ilhali Japani waliendelea kuicheza kwa miaka mingi baadaye. Wanafunzi wako wanalijua jambo hili kutokana na ile kadi yetu ya kawaida, ya kusema "niko kadi" kabla ya kumaliza. Mtaa mmoja jokeri anakuokotesha tano, mtaa wa pili majokeri yametolewa kabisa, na mgeni akifika anauliza kwanza, "Hapa mnachezaje?" Ndipo anakaa.

Nanyi mna haki hiyo hiyo. Orodha rasmi inalazimisha mashindano rasmi. Meza ya Ijumaa huko Kakamega inajiamulia. Lakini tahadhari: orodha ikiandikwa kwa hasira inaumiza. Septemba 2024 kamati ya watu waliojitolea iliyosimamia Commander ilikataza Jeweled Lotus, Mana Crypt, Dockside Extortionist na Nadu kwa siku moja. Kadi ghali zikashuka bei, na wanakamati wakatukanwa na kutishiwa kiasi kwamba wiki moja baadaye walikabidhi kazi yote kwa Wizards. Mimi naona hoja zao kuhusu kadi zenyewe zilikuwa sahihi. Hakuna kadi inayostahili mtu kutishiwa.

Ushauri wangu kwenu ni huu. Kwenye meza ya watu wawili wenye kadi 60, kataza Skullclamp na Sol Ring. Si kwa sababu kijana anashinda. Mtu akishinda kwa mpango mzuri mwacheni ashinde, na wengine wajifunze kumpinga. Zikatazeni kwa sababu wenzake hawana cha kujibu, na kadi walizonazo hazitawapa jibu hata wakifikiri usiku kucha. Kadi nyingine yoyote ikianza kulalamikiwa, wape majuma kadhaa kwanza waitafutie dawa. Mara nyingi dawa imo kwenye kadi za kawaida walizozidharau, kama zile za kuvunja vifaa. Uliza pia kama wenye deki tofauti kabisa wote wameanza kuitaka kadi ile ile, na kama mtu aliyeshindwa aliwahi kupata nafasi ya kufanya uamuzi wowote wenye maana. Majibu ya maswali hayo mawili yatakuambia mengi kuliko idadi ya waliolalamika.

Tangazeni mapema, kamwe si siku ya mashindano, tena orodha ibandikwe ukutani ikiwa na tarehe, ipitiwe upya mwanzo wa kila muhula. Kadi inayotolewa leo inaweza kurudi: Stoneforge Mystic, iliyokuwa marufuku Modern kwa miaka minane, iliruhusiwa siku ile ile Hogaak alipotolewa. Na tafadhali, kadi zenyewe zisichukuliwe. Ni mali ya kijana, na ni zawadi ya shangazi yake.

Kisha mpe mahali pa kuzitumia. Arudishe Skullclamp na Sol Ring ndani ya deki ile ya kadi 100 kama ilivyotoka kiwandani, na mtenge Ijumaa moja kwa mwezi iwe ya Commander. Kinachokosekana ni deki tatu za kumkabili. Kila moja inahitaji kiumbe mmoja mwenye sifa ya Legendary wa kuiongoza, kadi za rangi zake tu, na ardhi zipatazo 37. Kadi za kikundi kizima zikiwekwa pamoja mezani huenda zikatosha. Nitumie picha za mlizonazo, hasa za viumbe wenye neno Legendary, nami nitakuambia zipi zinaweza kuongoza deki na zipi za kuzizunguka.